Baba Yako Hana Mafua

Mwanangu Zuhura,

Sijaanza na salamu, na unajua mama yako si mtu wa kuanza bila salamu. Nikianza na hujambo itabidi nijijibu mwenyewe sijambo, halafu nikuulize matayarisho, nikuombee safari, na nikifika hapo mdomo utakuwa umeshafungwa. Najijua. Kwa hiyo nasema kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Baba yako hana mafua. Ana saratani ya koo, pale pale panapotoka sauti. Tumejua mwezi na nusu sasa. Baada ya wiki tatu anakwenda Dar es Salaam kupasuliwa, na daktari katuambia wazi kwamba anaweza kupona, lakini akitoka pale hatazungumza tena. Si wiki, si mwezi. Hatazungumza tena.

Basi, nimeandika. 

Umekwenda kuaga wazee, na nimekupigia hesabu: mpaka umalize shikamoo zote na kila nyumba ikulazimishe chai, alasiri itakuwa imeingia. Baba yako yuko uwanjani anasimamia upakiaji wa machungwa kwenye malori. Mie nimekaa barazani kwenye cherehani, sketi za shule nimezisukuma kando, daftari nimeliweka pale zinapokaa sketi. Kesho alfajiri unapanda basi la kwenda Sumbawanga, kwenye kazi uliyoingoja miaka mitatu, na ulikuwa uende hujui. Watu wa nyumba hii tulikuwa tukuache uende hujui, tena tukupungie mikono.

Nikisema tulikubaliana tusikwambie, ni uongo mwingine. Hakuna aliyekubaliana na mwenzie. Tulitoka hospitali tukakaa kwenye benchi la nje, baba yako akasema, "Mtoto ana safari." Nikasema, "Ndiyo, ana safari." Hapo shauri likaisha. Kwetu sisi yale yalikuwa mazungumzo marefu.

Mipango mingine ikaja vipande vipande. Akishapasuliwa, ukipiga simu niseme kalala. Ukipiga mchana, kaenda msikitini. Ukipiga baada ya isha, simu yake imeingia maji. Nikamuuliza, "Mpaka lini?" Akasema, "Mpaka mtoto azoee kazi." Hebu niambie wewe uliyesoma, baba gani analala mwaka mzima?

Na juzi ulimuuliza mwenyewe, umeinama kwenye karai unaosha vyombo: "Baba, hiyo sauti imekuwaje?" Akakwambia mafua na vumbi la malori. Ukaacha vyombo ukamchemshia tangawizi. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni naona yote, na badala ya kusema nikakwambia uongeze limau. Mungu anisamehe kwa lile limau.

Karatasi ya majibu iko kwenye droo ya cherehani, chini ya boksi la pini. Niliificha kwa sababu wewe ni mtu wa maabara, ungeitupia jicho moja tu ukajua. Imeandikwa Kizungu, sikuielewa hata mstari, lakini daktari alipomaliza kusema nilijua hii ni ya kumficha Zuhura. Tazama akili yangu ilipokimbilia. Sikuwaza koo la mume wangu kwanza. Niliwaza droo.

Aliyenisukuma kuandika ni Mama Eliza, jirani yetu. Unamjua, yule mama wa Kishambaa hana breki za mdomo, na miaka yote namsema kwa hilo, mbele yake na nyuma yake. Juzi kaja kuchukua sketi ya mjukuu wake, kasimama hapa hapa.

"Zuhura anajua?"

"Anajua nini?"

"Usinichezee, Mama Zuhura. Anajua?"

"Atajua tu."

"Atajua kwa nani?"

Nikamwambia sketi haijawa tayari, aje kesho. Sketi ilikuwa imekunjwa mezani, anaiona. Akaitazama, akanitazama, akaenda zake. Nikabaki namtukana moyoni, mwanamke gani hana hata staha. Mpaka jioni nikawa sina tusi lililobaki, limebaki swali lake tu.

Maana mimi nimeshawahi kumfanyia mtu hivi, Zuhura. Hujawahi kuambiwa. Unajua tu kwamba mjomba wako Shaabani, kaka yangu mmoja tuliyezaliwa naye, haji kwetu. Ukiuliza tunakwambia Songea mbali. Songea mbali kweli, lakini watu wanatoka mbali kuliko Songea.

Ulikuwa na miaka sita bibi yako wa Pangani alipougua. Nilikuacha na baba yako nikaenda kumuuguza. Alikuwa kapooza upande mmoja, mdomo umekwenda kando, lakini akili yake timamu na maneno yanatoka, mazito lakini yanatoka. Jumatatu asubuhi kaniambia, "Niitie Shaabani."

Sasa nikueleze kitu unachokijua tayari, ila hujawahi kukitazama. Kwetu mtu akiwa mbali, humwambii fulani kafa. Ataanguka njiani, nani atamshika? Unamwambia fulani hajisikii vizuri, jitahidi uje. Naye aliye mbali anaelewa. Haulizi. Analia kwanza, halafu anafunga mzigo. Hakuna aliyeiandika sheria hii na hakuna asiyeijua, na ni huruma, sisemi si huruma. Lakini mtu akiwa kweli hajisikii vizuri, na kweli unataka mwenzio ajitahidi aje, utatumia maneno gani?

Mimi sikujiuliza hilo. Nimeshika simu, Mzee Bakari, mjomba wetu, kaka yake bibi, kakaa mlangoni akanyoosha mkono: "Usimtishe mwenzio, yuko peke yake kule. Mwambie mama hajisikii vizuri, ajitahidi aje." Nikasema hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa adabu zangu zote.

Shaabani akanyamaza. Nikadhani mtandao. Halafu akauliza, "Mpo wote hapo?"

"Tupo."

"Haya. Nimeelewa."

Nikakata simu, nikamwambia mama, "Anakuja."

Kitanda cha mama kilikuwa hatua nne kutoka niliposimama. Nimezipima mara nyingi baadaye, kwa macho, kila nikienda Pangani. Hatua nne. Ningeweza kumwekea ile simu sikioni wakaongea mtu na mwanawe mpaka salio liishe. Sikuwaza. Na kusema "mama yuko hai" ndiyo kabisa, nani anasema hivyo juu ya mtu anayekunywa uji? Ungeambiwa unamchuria kifo.

Shaabani alielewa mama kafa. Na sisi hatuweki maiti, alijua mpaka amalize siku mbili za basi tutakuwa tumeshazika. Basi haraka ya nini tena? Akakaa chini akalia. Walimu wenzake wakaja, wakafunga turubai mbele ya nyumba, na Jumanne wakamsomea bibi yako hitma. Haya aliniambia mkewe baadaye. Jumanne hiyo, Zuhura, bibi yako alikula maandazi mawili ya kulowekwa kwenye chai, akagombana nami kwa kuwa sikutia iliki.

Alikuwa anauliza kila adhana, "Shaabani kafika wapi?" Jumatano nikampigia. Anasema, "Natoka kesho."

Kesho! Damu ikanipanda kichwani. Mama yake anamwita tangu juzi, yeye anasema kesho, tena kwa sauti imetulia tuli. Pale ndipo palikuwa pa kufoka. Ningefoka tu, "Una wazimu wewe, mama anakuita!" angejua. Hata lile tusi baya kabisa la Pangani lingetuokoa sote. Lakini mie nimelelewa, mie si mtu wa kufoka. Nikanuna. Nikasema, "Haya, uje utakapojaaliwa," nikakata. Nikaona nimemchoma kweli kweli. Yeye huko, mkewe kaniambia, alishukuru kwamba dada yake anamwelewa, hamharakishi.

Mama kafariki Alhamisi baada ya magharibi. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa lile lile, kafika wapi. Nikamwambia kafika Segera, bado kidogo. Hakuwa Segera. Sidhani kama alikuwa hata kafika Morogoro. Usiku ule nikataka kumpigia, Mzee Bakari akasema mtu wa njiani haambiwi, na keshaitwa. Nikatii.

Tukazika Ijumaa asubuhi. Alasiri Shaabani akaingia, kanzu safi, uso umetulia, mtu keshalia siku nne akamaliza. Akatushika mikono mmoja mmoja. Akaomba apelekwe kaburini, tukaenda watatu, yeye, mie na Mzee Bakari. Akasimama akautazama udongo.

"Mbona mbichi hivi?"

"Si tumezika leo asubuhi," akasema Mzee Bakari.

Shaabani hakumtazama mzee. Aligeuka akanitazama mimi.

"Jumatatu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Anasema?"

"Alikuwa anakuita."

Hakunipiga, hakunitukana. Laiti angenipiga. Alisema, "Haya," akachuchumaa pale akaweka kiganja juu ya ule udongo, akakaa hivyo mpaka Mzee Bakari akaanza kukohoa. Kesho yake akapanda basi. Tangu hapo ananipigia kila Idi. "Hamjambo?" "Hatujambo." "Watoto?" "Hawajambo." Nimeshika simu mara ngapi nimwambie, Shaabani kaka yangu, kosa langu mie, ningekupa mama usikie sauti yake. Naishia kumuuliza mvua za Songea.

Kwa hiyo usidhani nimejifunza. Mtu aliyejifunza angekwambia siku ile ile tuliyotoka hospitali. Nilichopata mie ni woga tu. Nikiona baba yako anakohoa huku unampasia sukari, naiona ile kanzu safi.

Na huyu baba yako, nikwambie, hakuwa hivi. Nilipoolewa hapa Maramba nilikuja na adabu zangu za Pangani. Kwetu ukikaribishwa chakula unakataa kwanza. Unasema nimeshiba, unalazimishwa, unakataa tena, unashikwa mkono, ndipo unakula kidogo kwa haya. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa shamba, neno lake moja. "Mwanajuma, utakula?" "Nimeshiba, mama." "Haya." Akafunika chungu! Loh! Siku ya kwanza, siku ya pili. Nilikuwa nakunywa maji mpaka tumbo linalia. Siku ya tatu baba yako akanikuta uani natafuna ndizi mbichi, akaniuliza, "Una njaa?"

Hivyo tu, kavu kavu. Hakuna aliyewahi kuniuliza neno lile namna ile, na nikasikia aibu, na nikalia, nikasema ndiyo. Akaingia jikoni akanipakulia ugali mwenyewe, mwanamume, mama yake anamtazama. Siku ya ndoa nilimwogopa. Siku ile ndiyo nilimpenda. Mtu huyo huyo sasa ananifundisha niseme kalala.

Sijui lini tulibadilika. Labda mtu unazoea. Mimi nilimfundisha staha zangu kidogo kidogo, na yeye akazishika kuliko mwenyewe. Hilo nalo naliona kosa langu, ingawa sijui ningefanyaje.

Sitakufundisha kupika wala kufua, unajua kuliko mie. Huko Sumbawanga wana desturi zao, na mimi sizijui, na hazitaandikwa mlangoni. Utakosea. Utakaa mahali pasipokaliwa, utakataa kitu kisichokataliwa. Mwanangu, uliza tu. Wakucheke. Mimi nimeishi miaka yote hii sijachekwa hata siku moja, na unaona nilichopata.

Ila hili nakuomba. Siku ukipigiwa simu na mtu yeyote wa kwetu, ukaambiwa fulani hajisikii vizuri, jitahidi uje, usiseme nimeelewa. Uliza, yuko hai? Uliza hivyo hivyo, wakuone huna adabu. Kama yuko hai sema, nipe nizungumze naye. Ningependa kukuahidi kwamba nitakayekupigia ni mimi na nitasema kweli. Siwezi. Siku ya siku sitakuwa na akili, na simu itashikwa na mtu mwenye huruma.

Sasa utaniuliza, mama, niende au nibaki? Nimekaa hapa tangu adhuhuri natafuta neno. Ukibaki, kazi hawatakuwekea, na baba yako ataniona mimi ndiye niliyekuvunjia, na yeye ndivyo alivyoomba, mtoto aende. Ukienda, mimi ndiye nitakayekwenda naye Dar es Salaam, nitarudi na mtu asiyesema, na wewe utakuwa kule mwisho wa nchi. Nataka uende. Nataka ubaki. Vyote viwili vya kweli na siwezi kukuchagulia, na mama aliyeshindwa kumchagulia mwanawe sijui anaitwaje. Ningekuwa na uwezo ningelibeba lile koo lake nikaliweka langu, maana mie kwa kusema sisemi chochote cha maana. Lakini halibebeki.

Kitu kimoja tu ndicho ninachokijua. Leo anazungumza. Sauti imekwaruza, usiku inakatika katikati ya sentensi, lakini leo hii uwanjani anawafokea vijana wa malori na wanamsikia. Wiki tatu si nyingi, na wewe una leo tu.

Nilikuwa niikunje barua hii niitumbukize kwenye begi lako, chini ya kanga, uisome ukiwa umeshafika Morogoro huko. Nimeshaanza hata kuikunja. Halafu nikaona, Mwanajuma, huo ni ugonjwa wako ule ule. Ukiisoma Morogoro utafanya nini, uruke dirishani?

Nakuona unatokea kwenye kona ya mashine ya kusaga. Umebeba kuku hai kwapani, sijui nani kakupa kuku wa kupanda naye basi siku mbili, watu wengine hawana akili. Unacheka. Nisamehe kwa kuwa dakika hii ndiyo nakukatiza kicheko.

Nakupa mkononi. Isome ukiwa umesimama, nipe huyo kuku nimshike. Ukimaliza usije kunililia mie, nitalia nami na jua litatuchwea hapa barazani. Nenda uwanjani. Mvute pembeni, mbali na wale vijana. Mwambie mama kaniambia. Atanikasirikia, mwache, nimestahili zaidi ya hayo. Kisha muulize anachoogopa, na muulize anataka uende au ubaki, uisikie kwa sauti yake mwenyewe.

Atakwambia hana kitu. Muulize tena.

Mama yako,
Mwanajuma